Kanada na watu wanaomalizia

Mwaka 2004 shirika la utangazaji la Kanada, CBC, liliendesha kura ya kumtafuta Mkanada mkuu kuliko wote waliopata kuishi. Zilipigwa kura zaidi ya milioni moja. Mtu wa huku kwetu, ambaye Kanada anaijua kwa sauti ya Céline Dion kwenye harusi na kwa Drake kwenye simu ya mwanawe, angetarajia mshindi awe mwimbaji, au basi Wayne Gretzky, bingwa wa hoki ya barafu. Gretzky alishika nafasi ya kumi. Dion hakuingia kumi bora, wala mwanamke mwingine yeyote. Aliyeshinda ni Tommy Douglas, mchungaji wa Kibaptisti aliyezaliwa Falkirk, Uskoti, akaja kuwa waziri mkuu wa Saskatchewan, jimbo la wakulima wa ngano, kuanzia 1944 hadi 1961. Wa pili alikuwa Terry Fox, kijana aliyefariki akiwa na miaka 22 huku mbio zake hazijafika mwisho.

Orodha za namna hii ni mchezo wa televisheni, na majibu yake hutegemea nani alikuwa na muda wa kupiga simu. Hata hivyo, hii ya Kanada inastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu walioshika nafasi ya kwanza na ya pili wote wawili walianzisha kitu ambacho mtu mwingine alilazimika kukimalizia. Na huyo aliyemalizia, katika visa vyote viwili, ukimtaja leo mtaani Toronto wengi watakukodolea macho.

Tuanze na Douglas. Alipokuwa mtoto, baada ya familia kuhamia Winnipeg, ugonjwa wa mfupa wa mguu wake ulirudi na wazazi hawakuwa na fedha za matibabu. Mguu ulikuwa ukatwe. Daktari bingwa mmoja akajitolea kumtibu bure kwa sharti moja: wanafunzi wake wa udaktari waruhusiwe kutazama. Mguu ukapona, na Douglas akaisimulia habari hiyo maisha yake yote ya siasa, akiuliza kwa nini mguu wa mtoto utegemee bahati ya kupita mbele ya daktari mwenye huruma. Serikali yake ilianzisha bima ya matibabu ya hospitalini kwa wakazi wote wa jimbo mwaka 1947, na mwaka 1960 akaingia kwenye uchaguzi akiahidi hatua iliyobaki: bima ya kumwona daktari, kwa kila mtu, inayolipwa na umma. Akashinda. Novemba 1961 akaachia ngazi ili akaongoze chama kipya cha New Democratic Party (NDP) katika siasa za taifa.

Aliyebaki na mzigo ni Woodrow Lloyd, mwalimu wa shule, mtu mpole asiyejua kuchekesha umati kama Douglas. Sheria ya bima ilianza kutumika 1 Julai 1962, na siku hiyohiyo madaktari wengi wa jimbo wakafunga zahanati zao. Mgomo ulidumu siku 23. Serikali ikaingiza madaktari kutoka Uingereza, wananchi wakagawanyika hadi ndani ya familia, wapinzani wakaandamana mbele ya bunge la jimbo mjini Regina. Lloyd hakuiondoa sheria. Mwishowe, kwa usuluhishi wa Lord Taylor, daktari na mwanasiasa aliyeletwa kutoka Uingereza, pande mbili zilitia saini mkataba mjini Saskatoon tarehe 23 Julai. Madaktari walikubali bima ya umma. Serikali ikakubali wabaki watu binafsi wanaojitegemea, wanaolipwa kwa kila huduma wanayotoa. Makubaliano hayo ya chumbani ndiyo yaliyoamua sura ya mfumo ambao Kanada nzima iliuchukua baada ya sheria ya taifa ya 1966. Daktari wa Kanada anayemtibu mgonjwa leo na kuipelekea serikali ya jimbo ankara anafuata kilichokubaliwa na Lloyd mwenyewe.

Mwaka 1964 Lloyd akashindwa uchaguzi. Alifariki 1972 akiwa Seoul, akifanya kazi za Umoja wa Mataifa. Haki inataka niseme pia kwamba Douglas hakupita bila kuumia: Juni 1962, wiki mbili tu kabla ya mgomo, alishindwa ubunge mjini Regina kwa sababu ya bima hiyohiyo. Lakini historia ilimfidia. Lloyd haijamfidia, na nadhani najua sababu. Douglas alisimama na wazo likiwa safi. Lloyd alilishika wazo likiwa tayari lina matope, akakatakata pande zake ili lipite mlangoni. Watu hawapendi kukumbuka kilichokatwa.

Kisa cha pili kinauma zaidi.

Terry Fox alizaliwa Winnipeg mwaka 1958 na kukulia Port Coquitlam, British Columbia. Machi 1977, akiwa na miaka 18, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa saratani ya mfupa. Madaktari walimwambia uwezekano wake wa kupona ni nusu kwa nusu, na kwamba miaka miwili tu nyuma wangemtajia asilimia 15. Tofauti hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani. Alielewa kuwa kuna watu asiowajua waliochangia utafiti kabla yeye hajaugua. Tarehe 12 Aprili 1980 alichovya mguu wake wa bandia katika Bahari ya Atlantiki, mjini St. John's, Newfoundland, akaanza kukimbia kuelekea Pasifiki. Kila siku alikata karibu kilomita 42, marathoni nzima, kwa mwendo wa kuchechemea wa kuruka mara mbili kwa mguu mzima ili ule wa bandia upate muda wa kurudi mbele. Rafiki yake Doug Alward aliendesha gari lililomfuata, na baadaye mdogo wake Darrell akaungana nao. Majuma ya mwanzo yalikuwa ya upweke: baadhi ya miji ilimpokea kwa shangwe, mingine haikujua ni nani anayepita. Alipoingia Ontario ndipo nchi ilipoamka.

Tarehe 1 Septemba, nje kidogo ya Thunder Bay, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, alisimama. Saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Alitaka apate dola moja kwa kila Mkanada, na kufikia Februari 1981 zilikuwa zimekusanywa zaidi ya dola milioni 24, idadi ya Wakanada wa wakati ule. Alifariki 28 Juni mwaka huohuo. Tangu hapo mbio za kila mwaka zinazobeba jina lake zimekusanya zaidi ya dola milioni 850 kwa ajili ya utafiti wa saratani, nazo hazina mshindi, hazina zawadi, hazipimwi kwa saa. Alipokuwa hai alikataa makampuni yasitangaze bidhaa zao mgongoni kwake, na waliomfuata wamelishika sharti hilo. Sina neno la kejeli juu ya Terry Fox. Ni nadra kupenda mtu kukageuka kuwa kazi ya kudumu namna hii, na Wakanada wanastahili sifa kwa hilo.

Ila barabara ile iliachwa na sehemu iliyobaki, na kuna mtu aliyeikimbia.

Steve Fonyo alikatwa mguu wa kushoto kwa saratani akiwa na miaka 12. Tarehe 31 Machi 1984 alianza pale alipoanzia Fox, mjini St. John's, akiwa na miaka 18. Wengi walimwona mwigaji. Magazeti yalimlinganisha na Fox kila siku, na kila siku alionekana mdogo: hakuwa na sura ile, hakuwa na maneno yale, alikuwa mkali na mkaidi. Akafika Thunder Bay. Akaendelea. Majira ya baridi yakamkuta njiani, akakimbia katika theluji, akavuka Milima ya Rocky, na tarehe 29 Mei 1985 akaufikia ufuo wa Victoria, British Columbia, baada ya kilomita 7,924. Alikusanya zaidi ya dola milioni 13. Walimpa nishani ya Order of Canada akiwa bado kijana mdogo kuliko maofisa wote wa nishani hiyo. Ufuo alipofikia ukaitwa kwa jina lake.

Baada ya hapo mambo yakaharibika. Baba yake alifariki kwa saratani. Fonyo akaingia kwenye pombe na dawa za kulevya, akahukumiwa kwa makosa mengi katika miaka iliyofuata: ulaghai, shambulio, kuendesha gari akiwa amelewa. Mwishoni mwa 2009 akavuliwa nishani. Alifariki Februari 2022 akiwa na miaka 56.

Huku kwetu mtu atasema haraka: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali nzuri, lakini hapa haiingii. Tembo la Fonyo lilikuwa limeshanywewa. Nishani hakupewa kwa tabia njema wala kwa ahadi kwamba ataishi kama padri. Alipewa kwa mguu mmoja na kilomita 7,924, na vyote viwili vilikuwa vimeshatolewa. Waliomvua nishani hawakuona haja ya kuwarudishia wachangiaji fedha zao. Ninaelewa kwamba chombo cha heshima ya taifa kina haki ya kujilinda. Alan Eagleson, wakala wa wachezaji wa hoki aliyewaibia haohao aliowawakilisha, alivuliwa 1998, na ni sawa kabisa, kwa kuwa alichoheshimiwa kwacho ndicho kilichooza. Mwanamuziki Buffy Sainte-Marie amevuliwa mwaka 2025 baada ya uchunguzi wa CBC wa 2023 kutilia shaka madai yake ya kuwa na asili ya wenyeji wa Kanada. Hapo nako unaweza kubishana, lakini angalau hoja inagusa kile kilichojengewa jina lake. Kwa Fonyo kosa lilikuwa moja tu: aliishi miaka 36 baada ya siku yake njema kuliko zote.

Tazama taratibu zenyewe utaona jinsi jambo hili lilivyojengwa ndani ya mfumo. Order of Canada, iliyoanzishwa 1967, ni ya watu walio hai. Kanuni yake haitoi nishani kwa marehemu, na majaji pamoja na viongozi wa kuchaguliwa hawapewi wakiwa bado madarakani. Noti za benki ni kinyume. Benki Kuu ya Kanada ilipotafuta mwanamke wa kuwekwa kwenye noti ya dola 10 iliweka sharti kwamba awe amefariki angalau miaka 25 iliyopita. Kwa hiyo nchi ina mizani miwili: mmoja wa walio hai, ambao kilichowekwa juu yake kinaweza kuondolewa, na mwingine wa wafu, ambao unasubiri mpaka mtu hana tena uwezo wa kumwaibisha yeyote. Desemba 2024 serikali ilitangaza kwamba Terry Fox ndiye atakayekuwa kwenye noti mpya ya dola 5. Hakuna aliyeshangaa.

Lakini wafu nao si wote wanaolala salama. John A. Macdonald, waziri mkuu wa kwanza wa nchi, alikaa kwenye noti ya dola 10 kwa miongo mingi. Sanamu yake iliondolewa mbele ya ukumbi wa jiji la Victoria mwaka 2018, na ile ya Montréal ikaangushwa na waandamanaji 2020, kwa sababu ya shule za bweni ambazo serikali yake ilizitumia kuwatenga watoto wa wenyeji na wazazi wao. Anayedumu juu ya noti bila kuguswa ni mfu ambaye hakuwahi kushika madaraka. Na kuhusu walio hai, muulize Gretzky. Mcheza kwao hutunzwa, nasi tunajua. Yeye aliuzwa Los Angeles mwaka 1988, watu wakalia kama msibani, wakamsamehe. Mwaka 2025, alipoonekana karibu na Donald Trump wakati ambao rais huyo wa Marekani anaiita Kanada jimbo la 51, sanamu yake huko Edmonton ilipakwa uchafu.

Kwenye hiyo noti ya dola 10 aliwekwa Viola Desmond mwaka 2018, na kisa chake kinanipa nafasi ya kumsifu mmaliziaji mmoja ambaye walau alionekana. Desmond alikuwa mfanyabiashara wa urembo na nywele kutoka Halifax, Mkanada mweusi. Tarehe 8 Novemba 1946, gari lake lilipoharibika New Glasgow, Nova Scotia, aliingia sinema ya Roseland kupoteza muda, akakaa viti vya chini vilivyokuwa vya wazungu. Walimburuta nje, akalala rumande. Kosa aliloshitakiwa nalo ni la kodi: tiketi ya chini na ya juu zilitofautiana senti moja ya kodi, na hiyo senti eti hakuilipa, ingawa alikuwa amejitolea kuongeza tofauti. Akatozwa faini, rufaa yake ikakwama kwenye utaratibu wa kisheria, akahamia Marekani na kufariki New York mwaka 1965. Kwa miongo mingi hakuna aliyemzungumzia. Aliyemtoa kwenye usahaulifu ni mdogo wake, Wanda Robson, aliyerudi chuo kikuu akiwa na zaidi ya miaka 70, akaanza kuandika na kuzungumza hadi serikali ya Nova Scotia ikatoa msamaha rasmi na kuomba radhi Aprili 2010. Msamaha huo uliidhinishwa na Mayann Francis, mwakilishi wa Malkia katika jimbo hilo, naye ni mwanamke mweusi. Robson aliishi kuishika noti yenye sura ya dada yake mkononi.

Katika sayansi mambo ni yaleyale, nami sitakawia. Frederick Banting, wa nne katika ile orodha ya 2004, ndiye anayetajwa kwa ugunduzi wa insulini mjini Toronto. Wazo lilikuwa lake, na majaribio ya mbwa aliyafanya na Charles Best katika kiangazi cha 1921, chini ya Profesa J.J.R. Macleod. Ila dawa ya kongosho waliyomdunga mvulana Leonard Thompson tarehe 11 Januari 1922 haikufaa. Ilimletea jipu na sukari haikushuka vya kutosha. Iliyomwokoa ni ile ya tarehe 23 Januari, iliyosafishwa na mkemia James Collip. Wagonjwa wa kisukari wanaojidunga leo, wakiwemo ndugu zetu wanaopanga foleni kliniki za Muhimbili na Kenyatta, wanadaiwa na Collip angalau sawa na Banting. Tuzo ya Nobel ya 1923 ilikwenda kwa Banting na Macleod. Banting alikasirika akagawana fedha zake na Best. Macleod akagawana zake na Collip. Haki ya ugunduzi Banting, Best na Collip waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, na hilo wanasifiwa kwa haki.

Kisa ambacho sisi wa Maziwa Makuu tuna haki ya kukisema kwa sauti ni cha Rwanda.

Jenerali Roméo Dallaire aliongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa Kigali. Tarehe 11 Januari 1994 alituma faksi New York akieleza kwamba ana habari za silaha zilizofichwa na mpango wa kuwaangamiza Watutsi, na kwamba anataka kuzikamata silaha hizo. Akakatazwa. Mauaji yalipoanza Aprili, askari kumi wa Ubelgiji waliuawa, Ubelgiji ikaondoa watu wake, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kikosi cha watu 2,500 kipunguzwe hadi 270. Dallaire alibaki na wachache, ingawa zaidi ya hao 270, wengi wao Waghana. Aliporudi nyumbani aliugua akili kwa aliyoyaona. Mwaka 2000 alikutwa chini ya benchi la bustani huko Hull, amelewa na kuchanganya dawa. Akaueleza ugonjwa wake hadharani wakati jeshi la Kanada lilikuwa bado linawaona wagonjwa wa namna hiyo kuwa waoga, na hilo pekee lingetosha kumheshimu. Akaja kuwa seneta kuanzia 2005 hadi 2014.

Ninamheshimu. Lakini naiona pia faida ambayo Kanada huipata katika kumpenda. Anayemlilia jenerali aliyenyimwa askari anaepuka kuuliza nani aliwanyima, na nchi yake mwenyewe ilituma wangapi. Halafu kuna wale waliokuwa naye. Henry Anyidoho, Mghana aliyekuwa naibu wake, alikataa kikosi chake kiondoke. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi asiye na silaha, alivusha watu kwenye vizuizi vya barabarani kwa utani, sigara na ujasiri, akaokoa mamia kabla ya kuuawa na bomu tarehe 31 Mei. Umoja wa Mataifa ulimwekea nishani yenye jina lake mwaka 2014. Katika mazungumzo ya Kanada kuhusu Rwanda majina hayo mawili huja mwisho, kama yanakuja.

Na yupo mmaliziaji Mkanada, tena huyu alifanya kazi yake kwetu: Louise Arbour. Oktoba 1996 alikuwa mwendesha mashitaka mkuu wa mahakama mbili kwa wakati mmoja, ile ya Yugoslavia mjini The Hague na ile ya Rwanda mjini Arusha. Aliikuta Arusha katika hali mbaya. Ripoti ya ukaguzi ya Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa 1997 ilianika uzembe na uongozi mbovu. Julai 1997 ofisi yake, ikishirikiana na polisi wa Kenya, iliwakamata Nairobi watuhumiwa saba kwa mkupuo, akiwemo Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji. Hadi siku ile wakubwa hao waliishi Nairobi bila kujificha sana. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, katika hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Siku mbili baadaye Kambanda, aliyekuwa amekiri kosa, akafungwa maisha. Hakuna mkuu wa serikali aliyepata kuhukumiwa kwa kosa hilo kabla yake.

Arbour alipata vyeo: jaji wa Mahakama ya Juu ya Kanada, kisha kamishna mkuu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa. Lakini upendo wa watu anaopewa Dallaire hajawahi kuupata, na ana madoa ya mtu aliyefanya kazi hadi mwisho. Mpelelezi mmoja wa ofisi yake alidai kwamba yeye ndiye aliyeamuru usitishwe uchunguzi wa kutunguliwa kwa ndege ya Rais Habyarimana, na mahakama ile ilifunga milango bila kumshitaki mtu yeyote wa upande ulioshinda vita. Maswali hayo yanamfuata, na yanapaswa kumfuata. Aliyezuiwa kutenda hakuna wa kumuuliza hivyo.

Wasanii nimewaacha pembeni kwa makusudi, maana mwandishi huanza na kumaliza mwenyewe, na hesabu yake hana wa kumtwika. M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, mwanafizikia aliyegeukia riwaya, ndiye mshindi wa kwanza wa tuzo ya Giller, ya fasihi ya Kanada, mwaka 1994 na wa kwanza kuitwaa mara mbili, 2003. Mitaa ya Dar imo katika fasihi ya Kanada kwa kazi yake. Alice Munro alipata Nobel 2013, akafariki Mei 2024, na miezi miwili baadaye binti yake akaeleza hadharani kwamba baba wa kambo alimdhulumu kingono utotoni na kwamba mama alijua baadaye akabaki na mumewe. Hapo wasomaji wa Kanada walikuwa na swali ambalo noti na nishani haziwezi kuwajibia.

Ukinishika shati nikueleze kwa nini Kanada iko hivi, nitakupa dhana tu. Nchi ile haikuzaliwa vitani. Ilizaliwa 1867 kwa mikutano na hati, na mambo yake makubwa yamekuwa yakimalizwa na kamati na wanasheria wa majimbo wanaobishana juu ya asilimia. Wamaliziaji wamejaa kila ofisi, hawaonekani kuwa tunu. Anayeanza peke yake barabarani ndiye wa ajabu. Rick Hansen anaipinga dhana yangu kidogo: kiwete aliyekuwa rafiki wa Fox, akazunguka dunia kwa kiti cha magurudumu kati ya 1985 na 1987, nchi 34, kilomita zaidi ya 40,000, akamaliza na bado anaheshimiwa. Ila Hansen alirudi na kuunda taasisi, akawa na ofisi na mshahara. Fonyo alirudi na umaarufu mtupu akiwa na miaka 19.

Mtihani mkubwa wa tabia hii uko mbele yao sasa. Murray Sinclair, jaji wa kwanza mwenyeji wa asili katika jimbo la Manitoba, aliongoza tume ya ukweli na maridhiano iliyosikiliza maelfu ya watu waliopitia shule za bweni, ambako watoto wapatao 150,000 walipelekwa kwa zaidi ya karne moja. Ripoti ya 2015 ina miito 94 ya kutekelezwa. Sinclair alifariki Novemba 2024 na nchi ikamwaga sifa. Kilichotekelezwa mapema ni kile chepesi: mwito wa 80 uliomba siku ya kumbukumbu, ikapatikana 2021, tarehe 30 Septemba. Mwito wa 75, unaohusu kuyatafuta na kuyatunza makaburi ya watoto waliofia shuleni, ni kazi ya nyaraka na miaka ya mabishano juu ya ardhi, na haina uso wa kuchora kwenye noti.

Mwito wa 94 nao ulitekelezwa 2021. Ulibadili kiapo cha uraia. Kwa hiyo mkimbizi wa Kikongo kutoka Goma, au mama wa Kisomali aliyelea wanawe Eastleigh kabla ya kupata viza, anapoinua mkono Toronto leo ili awe Mkanada, anaapa kwa kinywa chake kutambua haki na mikataba ya wenyeji wa asili, Wainuiti wa kaskazini na Wametis wenye asili mchanganyiko. Waliozaliwa Kanada hawaapi. Deni ambalo nchi hiyo ilijiwekea kabla yeye hajafika sasa anatakiwa alikiri mbele ya jaji, siku yake ya kwanza ya uraia.